Kamera Nyekundu ya Bariadi

Mwanangu Milembe,

Sikuulizi hali, maana sasa hivi tu nimekuona ukitoka na kanga yangu begani kwenda kumuaga shangazi yako. Begi lako limefungwa. Habari za chakula, za baridi ya Dodoma na za watu wa safarini umeshazisikia kwa baba yako mpaka umezichoka, mimi sizirudii. Nimekaa kwenye meza ya jikoni, jua bado liko juu, nakuandikia habari ya kamera.

Jana uliingia umejaa furaha ukasema, "Mama, pale Mwanza ninapobadilisha gari nitapita madukani ninunue kamera ndogo ya dijitali, hata kama ni ya mtumba." Nikakuuliza kwani simu yako haipigi picha. Ukanicheka, ukasema siku hizi vijana wamezirudia zile kamera ndogo za zamani, na huko chuoni watu wanalipia picha. Halafu ukaniuliza lile swali lako: "Na wewe si ulikuwa na kamera, mama? Mbona mimi sina hata picha moja ya utoto?"

Nikakujibu kama ninavyokujibu siku zote, kwamba kamera ilipotea. Haikupotea, Milembe. Nimekudanganya miaka yote hii na sitaki upande gari na uongo wangu.

Ulikuwa na miaka mitatu. Msimu ule pamba ilitukubali, na ekari ile ya kule bondeni ilikuwa yangu mwenyewe, baba yako aliniachia. Hapa Mwamapalala mtu akitaka picha ya pasipoti, au picha ya mtoto aliyepata kipaimara, alikuwa anakwenda mpaka Bariadi mjini. Nikaona hiyo ni kazi ninayoiweza. Nilikuwa sijawahi kushika kamera hata siku moja, na aibu ilinizuia kumuuliza mtu anayejua. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia. Wewe uliza. Mwenye duka akikuona mshamba, akuone tu.

Muuzaji alikuwa ametandaza turubai karibu na stendi ya Bariadi: redio, chaja, pasi za umeme, na kamera tatu. Moja ilikuwa nyeusi, nene, imechubuka kona. Nyingine rangi ya fedha. Ya tatu nyekundu, inang'aa kama kucha iliyopakwa rangi leo asubuhi.

"Hiyo nyekundu ndiyo yenyewe, mama," akasema. "Soma namba hapo usoni. Hiyo ndiyo nguvu yake. Hizi nyingine namba zake ndogo."

"Inavuta mbali?"

"Inavuta mpaka mbuzi wa ng'ambo ya mto unamhesabu kope."

Nikacheka, na mtu akishakuchekesha umeshanunua nusu. Baadaye sana ndiyo nilijua kwamba ile namba, megapikseli, inakwambia picha ni kubwa kiasi gani, haikwambii kama ni nzuri. Uzuri unatoka kwenye lenzi na jinsi kamera inavyopokea mwanga. Na kuvuta mbali kuko kwa aina mbili. Kuna lenzi inayosogea yenyewe, unaiona ikitoka nje, ikimleta mtu karibu bila kumharibu. Na kuna kukuza kwa ndani, kama unavyotanua picha kwenye simu, sura inakuwa punjepunje kama uji wa mtama. Yangu ilikuwa hiyo ya pili. Ile nyeusi iliyochubuka ilikuwa na lenzi ya maana, na ilikula betri za kawaida zinazouzwa kila duka la kijijini. Niliiacha kwa sababu ya mchubuko.

Nikamwambia aiwashe nione. "Chaji imeisha, mama. Ukifika nyumbani chaji, utafurahi mwenyewe." Nikakubali. Akaniongezea kadi ya kutunzia picha, akasema ni zawadi. Risiti sikuomba. Wewe usiondoke na kamera ambayo hujaiwasha. Piga nayo picha kwenye mwanga, piga kwenye kona ya giza, tazama lenzi kama ina ukungu kwa ndani, fungua mlango wa betri uone kama haijavimba. Kisha itoe kadi, uwashe tena hivyo hivyo bila kadi, ubonyeze kitufe cha kutazama picha. Hilo la mwisho hakuna atakayekwambia. Kamera nyingi ndogo zina kumbukumbu yao ya ndani, ndogo tu, ya picha chache. Watu wanatoa kadi wanadhani wametoa kila kitu. Nami sikujua.

Nilichajisha kwa mwenye mashine ya kusaga. Kesho yake adhuhuri nikakuweka uani nikupige picha, kadi bado iko mezani, nikabonyeza kitufe nisichokijua. Badala ya wewe, kwenye kioo akatokea bibi mmoja.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma, mikono magotini, amevaa kitenge cha kwendea kanisani. Nyuma yake kulikuwa na mlango wa mbao. Nikabonyeza mbele. Bibi yule yule, kigoda kile kile. Zilikuwa picha saba. Nilizipita harakaharaka, nikaona ni mtu kajipigisha picha, basi. Baba yako alipokuja kula akazitazama pole pole, akanirudishia kamera, akasema, "Angalia mlango."

Kwenye picha ya kwanza mlango umefungwa. Ya pili una ufa, kama wa kupitisha kidole. Ya tatu ufa unatosha mkono. Hivyo hivyo mpaka ya sita, ambapo mlango uko nusu wazi na ndani ni giza tupu, na bibi hajajitikisa, anaangalia mbele vile vile. Ya saba amegeuza shingo.

"Upepo," nikasema.

"Upepo unasukuma mara moja," baba yako akajibu, akaenda kunawa.

Ningeweza kuishi na picha hizo. Aliyenitisha ni wewe. Ulikuwa ukiiona kamera unataka uonyeshwe bibi. Unakaa kwenye mapaja yangu, unabonyeza kwa kidole chako kidogo, kimya, mpaka ya saba. Siku moja ukaishika ile ya saba muda mrefu, ukaniuliza, "Mama, nani anamwita bibi?"

Nikakwambia hakuna mtu.

"Yumo ndani. Anamwita."

Ilikuwa mchana, kuku wanachakura, jirani anatwanga. Nikakunyang'anya kamera, nikatafuta kwenye orodha ile sehemu ya kufuta vyote, na ilipouliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo. Kioo kikasema hakuna picha. Ulilia, nikakuchapa kofi la mkononi, kisha na mimi nikalia, sikujua nalia nini.

Sikujiuliza huyo bibi ni wa nani. Nasema hivi kwa sababu utanunua kitu kilichopitia mikono ya watu, na woga utakufundisha kufanya haraka. Kabla hujafuta cha mtu, ngoja. Woga ni mshauri anayeongea kwa kasi, na mara nyingi hajui habari yenyewe.

Ile kadi ya zawadi nayo ilikuwa feki. Ilijitangaza kubwa, lakini kila picha niliyoweka ilitoka nusu sura, nusu kijivu. Picha zako nyingi zilifia humo, ukicheka, ukiwa umekaa kwenye beseni. Kadi ni kitu kidogo lakini usiinunue barabarani, na kabla ya kulipa uliza kama kadi za aina hiyo bado zinauzwa, maana kamera nyingine za zamani zinatumia kadi ambazo huzipati tena. Kadi ilipokufa nikaanza kukupiga picha kwenye ile kumbukumbu ya ndani. Ilikuwa inajaa upesi, kwa hiyo nilipopata kazi ya watu wa kipaimara nilizifuta na zako, nikisema nitakupiga nyingine. Mtoto yupo, nilijiambia, haendi popote.

Wiki kama tatu hivi zikapita. Asubuhi moja mwanamke akaja kwa miguu kutoka barabarani, viatu mkononi, umri wa dada yangu mkubwa.

"Mwangaluka, mayu," akaamkia kwa Kisukuma. Nikaitikia, nikampa kiti.

Alisema anaitwa Kwandu, anatoka Ipililo, upande wa Maswa. Yule muuzaji wa Bariadi alikuwa amemwelekeza kwamba kamera nyekundu ilichukuliwa na mama mmoja wa Mwamapalala.

"Ilikuwa ya mama yangu," akasema. "Nilimletea mimi, nilikuwa nafanya kazi Mwanza. Alikuwa anaishi peke yake. Siku ya msiba wake watu walikuwa wengi, ikaondoka na mtu. Siidai, dada. Umeinunua, ni yako. Nataka picha tu. Mama hakuwahi kupigwa picha nyingine maisha yake yote. Tumemzika bila picha, na wajukuu wengine hawakumjua sura."

Milembe, hapo nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa mbele yangu kama maji kwenye kikombe. Nikasema, "Haikuwa na kitu, dada. Niliipata tupu."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akaomba aishike. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye lenzi kama mtu anayefuta machozi ya mtoto. Wewe ukatokea nyuma ya nyumba, umejaa vumbi. Ukaiona kamera mkononi mwake. Ukasema, "Bibi." Kisha ukasema, "Mlango."

Kwandu akakuangalia wewe, kisha akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa vile. Hakunigombeza. Akaiweka kamera kwenye kiti, akasema, "Una mtoto mzuri," akavaa viatu vyake, akaondoka.

Siku mbili sikuweza kula. Siku ya tatu nikaifunga kamera kwenye kitambaa nikaenda Bariadi kwa fundi wa kompyuta. Kijana mpole, aliyekuwa akisafisha mavumbi kwa brashi ya kupakia rangi.

"Baada ya kufuta, umepiga nyingine?" akauliza.

"Nimepiga."

Akatikisa kichwa. "Mama, ukifuta, picha haiondoki papo hapo. Kinachofutwa ni orodha. Picha yenyewe inabaki imelala mpaka nyingine ije kuilalia juu. Sasa sijui tutakuta nini."

Nilikaa kwenye benchi lake mpaka saa tisa. Akaniita. Kati ya zile saba alikuwa amepata moja tu yenye sura. Lakini haikuwa nzima. Kuanzia juu mpaka kifuani alikuwa bibi, kitenge chake, macho yake yale. Kuanzia hapo kwenda chini picha ilikatika kwa mstari ulionyooka, na chini ya mstari ilikuwa miguu yako. Magoti yako, vidole vyako kwenye vumbi la ua wetu, shanga nyekundu kwenye kifundo. Picha niliyokupiga ilikuwa imelalia nusu ya picha yake. Mtu mmoja, juu mzee, chini mtoto.

"Zile nyingine zimeliwa," fundi akasema. "Hii nimeshindwa kuitenganisha." Akarudi kwenye kompyuta. "Na kuna hii."

Akanifungulia nyingine. Nyumba ile ile ya matofali. Mlango uko wazi wote, umegonga ukuta. Kigoda kipo. Hakuna mtu.

"Hii siijui," nikasema. "Zilikuwa saba."

"Hii ni ya nane. Namba yake inafuata ya saba. Ila wewe hukuifuta, ilikuwa imefutwa na mtu mwingine kabla hujainunua."

"Ilipigwa lini?"

Akanionyesha tarehe. Picha zote, za bibi na zako, zilikuwa na siku moja na mwaka mmoja, siku ambayo kamera inaanzia ikitoka kiwandani. Hakuna aliyewahi kuiweka saa, si Kwandu, si mama yake, si mimi. Kwa hiyo hata leo sijui kama ile ya nane ilipigwa bibi akiwa hai au baada ya kuzikwa. Ukinunua kamera, mwanangu, kabla hujapiga hata ua, iwekee saa na tarehe. Kila betri ikikaa nje muda mrefu, itazame tena. Nimeona watu wanaliona hilo ni jambo dogo.

Fundi akazichapisha zote mbili. Kesho yake nikapanda gari la Maswa, kisha bodaboda mpaka Ipililo.

Nyumba niliijua kabla sijaonyeshwa. Kwandu alikuwa anaanika mpunga uani. Nilipiga magoti, nikamwambia yote: kwamba zilikuwepo saba, kwamba nilizifuta kwa woga, kwamba nilimdanganya kwenye kiti changu mwenyewe. Alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kutandaza mpunga. Nilipomaliza akasema, "Nilijua. Mtoto wako alisema mlango. Angejuaje mlango?"

Kisha akainua kidevu kuelekea kwenye nyumba. Hapo ndipo nilipotazama vizuri. Mlango wa nyuma ya pale bibi alipokaa ulikuwa umepigiliwa misumari juu mpaka chini, na misumari imeshika kutu ya miaka.

"Hicho kilikuwa chumba cha baba," Kwandu akasema. "Siku tuliyomzika, mama aliagiza kipigiliwe. Niliipigilia misumari hiyo mwenyewe, bado msichana. Hakijafunguliwa tena."

Nikakaa chini. Nikamwambia nilichokiona kwenye zile picha. Hakusema nadanganya. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa akiiweka kamera juu ya kinu, anabonyeza ile ya kuhesabu, kisha anakimbilia kigoda kabla haijapiga. Kwandu mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Nikampa picha ya kwanza. Aliposhika sura ya mama yake alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika. Aliibusu. Muda ukapita ndipo akaona miguu.

"Huyu ndiye yule mtoto?"

"Ndiye."

"Yuko salama?"

"Yuko salama."

Nikampa ya pili. Aliitazama, akainuka, akaenda mpaka kwenye mlango, akaigusa misumari mmoja mmoja, kutoka juu kwenda chini, kama anayeihesabu. Akabandika sikio kwenye mbao. Mimi nilibaki pale pale kwenye mpunga. Aliporudi aliikunja ile picha mara nne akaitia kifuani.

"Hii nitakaa nayo mimi," akasema. "Usimwambie mtu wa hapa."

Kamera nilimwachia. Hakuiomba, na nilipoiweka juu ya kinu hakuigusa. Ile yenye sura aliitundika sebuleni, nikiwepo, akamwita mjukuu mkubwa aje amwone bibi yake. Akaniambia niondoe wasiwasi moyoni, kwamba wewe umekuwa wa nyumba ile sasa. "Kila asubuhi nitawaamkia wote wawili. Siwezi kumwamkia mmoja nikamruka mwingine."

Hiyo ndiyo picha yako ya utoto, Milembe. Iko Ipililo ukutani, na inaishia magotini. Kwandu ameniagiza mara nyingi nikupeleke, na kila mwaka nimepata sababu. Hilo ni kosa langu ambalo sijalimaliza, nakuachia wewe uamue. Ukiwa na kamera yako unaweza kwenda kuipiga picha ile picha, uwe nayo.

Jambo moja sikumwambia hata baba yako. Niliporudi kutoka Ipililo, asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uani na wewe unacheza na magunzi ya mahindi. Hakukuwa na mtu mwingine. Ukaacha kucheza, ukainua kichwa, ukaitikia kwa adabu kama mtoto aliyeamkiwa na mkubwa: "Mwangaluka." Kisha ukaendelea na magunzi yako. Kesho yake tena, saa ile ile. Ilikuwa hivyo kila asubuhi, mvua ikinyesha, jua likiwaka, mpaka mwaka ulioanza shule.

Niliwaambia majirani ni michezo ya watoto. Ulipoanza kuvaa sare ukaacha, nikashukuru Mungu. Lakini hata leo kuna asubuhi unaposimama hapo mlangoni na mswaki mkononi, midomo inatikisika kidogo, na sijapata ujasiri wa kukuuliza kama uliacha kweli, au ulijifunza tu kuitikia kimoyomoyo.

Mama yako anayekupenda,
Kabula